Barafu ya Antaktika Inatuhusu, na Mkataba Wake Pia

Barafu ikiyeyuka Greenland, bahari inayoizunguka Greenland hushuka. Wengi hukataa wanaposikia jambo hili mara ya kwanza, na si ajabu, maana tumezoea kuona maji yakimwagwa mahali yanazidi hapohapo. Lakini tandiko la barafu lenye unene wa kilomita mbili au tatu lina uzito mkubwa mno, na uzito huo huyavuta maji ya bahari kwa nguvu ileile ya uvutano ambayo mwezi hutuletea bamvua. Barafu ikipungua, mvuto nao unapungua, na maji yaliyokuwa yamejikusanya kandokando yake yanasambaa kwingine. Katika umbali wa kilomita 2,000 hivi kutoka kwenye barafu inayoyeyuka, usawa wa bahari unashuka. Mbali zaidi ya hapo unapanda, na katika sehemu nyingi za tropiki unapanda kupita wastani wa dunia.

Huko mbali ndiko kwetu. Pwani yetu, tangu Lamu hadi Mtwara, iko karibu na ikweta, mbali na Greenland na mbali na Antaktika. Barafu ya Antaktika Magharibi ikipotea, hesabu za wanasayansi zinaonyesha kwamba Bahari ya Hindi itakuwa miongoni mwa bahari zitakazopanda zaidi ya wastani. Kati ya mwaka 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa sentimita 20 hivi, na mwendo umekuwa ukiongezeka: kati ya 2006 na 2018 zilipanda kwa milimita 3.7 kila mwaka. Zamani sababu kubwa ilikuwa maji yenyewe kutanuka kwa joto. Sasa mchango mkubwa zaidi unatoka kwenye barafu ya nchi kavu. Sentimita 20 ni kidogo ukizitazama kwenye rula. Zikipanda juu ya bamvua siku ya upepo mkali wa kusi, ndizo zinazoyapitisha maji ya chumvi juu ya tuta na kuyaingiza shambani. Wakulima wa mpunga wa Kisiwa Panza, Pemba, wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Ndiyo maana nasema ncha za dunia ni habari zetu, na siasa zake pia ni siasa zetu. Habari hizi zimeachwa mno mikononi mwa watu wa mbali.

Nianze na kusini, kwani huko ndiko kwenye mzigo. Antaktika ni bara lenye ukubwa wa kilomita za mraba milioni 14 hivi, mara 15 ya Tanzania, na karibu lote limefunikwa na barafu yenye unene wa wastani wa kilomita mbili. Humo mna asilimia 90 ya barafu yote ya dunia. Kama yote ingeyeyuka, bahari zingepanda kwa mita 58. Hakuna mtafiti makini anayetarajia hilo katika karne hizi zilizo mbele yetu, na anayelitumia kutisha watu anaharibu kazi. Kinachowakosesha usingizi wataalamu ni upande mmoja tu, wa magharibi, ambako barafu haikukaa juu ya nchi kavu. Imekaa juu ya mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na mwamba huo unazidi kwenda chini kadiri unavyoingia ndani ya bara.

Hapo ndipo ulipo mto wa barafu uitwao Thwaites. Una upana wa kilomita 120, na eneo lake lote linakaribia ukubwa wa kisiwa cha Uingereza. Thwaites ni kama kizibo: kikichomoka, barafu iliyo nyuma yake hupata njia ya kuteremka baharini. Barafu ya Thwaites peke yake ingeweza kuinua bahari za dunia kwa sentimita 65. Hewa ya huko ni baridi kali, na jua lake si la kuyeyusha mzigo kama huo. Adui yuko chini. Maji ya vilindini, yenye joto la nyuzi chache tu juu ya kiwango cha kuganda, yanapenya chini ya barafu na kuila kwa tumboni, mahali inapoachana na mwamba na kuanza kuelea. Mahali hapo pamerudi nyuma kilomita 14 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Januari 2020 watafiti wa Marekani na Uingereza walitoboa barafu hiyo kwa maji ya moto, karibu mita 600 kwenda chini, wakateremsha roboti nyembamba yenye urefu wa mita tatu na nusu hivi, yenye kamera na vipimo vya joto na chumvi. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo mtu kuona kwa macho namna mto ule unavyoliwa. Matokeo yalikuwa na nafuu na hofu pamoja. Palipo sawa, tabaka la maji baridi yasiyo na chumvi lililotokana na myeyuko wenyewe limekaa juu ya maji ya joto na kuikinga barafu, kwa hiyo barafu inayeyuka polepole kuliko ilivyodhaniwa. Lakini kwenye nyufa na kwenye kuta zenye ngazi, maji ya chumvi yanapenya na kula kwa kasi, na kila ufa unazidi kuwa mpana. Kwa maneno mengine, mto ule unakatwa vipande zaidi ya unavyopunguzwa unene. Ni habari inayopaswa kusomwa na wahandisi wanaopanga kuta za bahari Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu barafu inayokatika haitoi ratiba.

Kaskazini ni jambo jingine. Ncha ya Kaskazini ni bahari iliyozungukwa na nchi, na barafu inayoelea juu yake haipandishi usawa wa maji ikiyeyuka, kwani imekwisha kuchukua nafasi yake majini. Madhara yake ni ya mwanga. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Bahari iliyo wazi humeza zaidi ya asilimia 90. Kila eneo linalofunuka linapokea joto jipya, na joto hilo linafunua eneo jingine. Septemba 2012 barafu ya Bahari ya Aktiki ilipungua hadi kilomita za mraba milioni 3.4, karibu nusu ya ilivyokuwa ikibaki mwezi huohuo katika miaka ya 1980. Tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia.

Nchi kavu ya kaskazini nayo inalegea. Sehemu kubwa ya Siberia, Alaska na Kanada ya kaskazini imesimama juu ya udongo ulioganda kwa maelfu ya miaka, na juu yake watu wamejenga miji, mabomba na mitambo kana kwamba ni mwamba. Tarehe 29 Mei 2020, karibu na mji wa Norilsk nchini Urusi, tangi la mafuta la mtambo wa umeme lilipasuka baada ya msingi wake kuzama, na dizeli takriban tani 21,000 ikamwagika, nyingi yake mtoni, hata maji yakageuka mekundu. Udongo huo huo umehifadhi kaboni inayokaribia mara mbili ya ile iliyomo hewani sasa. Unavyolainika, masalia ya mimea yaliyoganda yanaanza kuoza na kutoa hewa ukaa na methani, na hakuna mkataba wowote unaoweza kuyazuia yakishaanza.

Sasa nije kwenye mikataba, kwa sababu hapo ndipo binadamu anaweza kufanya jambo.

Tarehe 1 Desemba 1959, Vita Baridi ikiwa imepamba moto, nchi 12 zilitia saini Washington Mkataba wa Antaktika. Miongoni mwake zilikuwamo Marekani na Umoja wa Kisovyeti, zilizokuwa zikitishiana kwa mabomu ya nyuklia, na zilikuwamo pia nchi saba zilizokwisha kujigawia vipande vya bara hilo: Argentina, Australia, Chile, New Zealand, Norwe, Ufaransa na Uingereza. Madai ya Argentina, Chile na Uingereza yalikuwa yanagongana juu ya eneo moja. Dawa iliyopatikana imo katika Ibara ya 4, na kwangu ni miongoni mwa vifungu vya busara zaidi katika sheria ya kimataifa. Haikumnyima mdai dai lake wala haikumpa. Ilisema tu kwamba mkataba ukiwa hai, hakuna kitendo kitakachojenga dai wala kulibomoa, na hakuna dai jipya litakalopokelewa. Kisha wakapiga marufuku shughuli za kijeshi, milipuko ya nyuklia na utupaji wa taka zake, wakaruhusiana kukaguana vituo bila kizuizi. Mwaka 1959 Warusi na Wamarekani hawakukubali kukaguana mahali pengine popote kwa namna hiyo.

Madini yalikuja baadaye. Mwaka 1988 nchi hizo zilikwisha kukubaliana juu ya mkataba wa kuyachimba kwa masharti, lakini mwaka uliofuata Australia na Ufaransa zikakataa kuuridhia, ukafa kabla ya kuanza. Badala yake ikaja Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika 1998, ambayo imepiga marufuku uchimbaji wa madini isipokuwa utafiti wa kisayansi. Kuna habari inayosambazwa sana kwamba marufuku hiyo inakwisha mwaka 2048. Si kweli. Kuanzia mwaka huo nchi mwanachama yenye haki ya kura inaweza kuomba mkutano wa kuipitia upya itifaki, basi. Kuiondoa marufuku kunataka idadi kubwa sana ya kura na ridhaa, na kunataka kwanza pawepo utaratibu mwingine wa kisheria wa kudhibiti uchimbaji. Hata hivyo mwaka 2048 si wa kupuuzwa. Wanaojenga vituo vipya leo na kupima sakafu ya bahari kwa mitambo wanajua tarehe hiyo, na atakayekuwa mezani wakati huo ni yule aliyeanza kazi mapema.

Ugonjwa wa mfumo huu kwa sasa ni mwingine: kila uamuzi unataka wote wakubali. Kanuni hiyo iliuokoa mkataba wakati wa Vita Baridi, kwa sababu hakuna mkubwa aliyehofia kuzidiwa kura. Leo kanuni ileile inaufunga mikono. Uvuvi wa bahari ya kusini unasimamiwa na tume yenye makao yake Hobart, Australia, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1980. Mwaka 2016, baada ya miaka ya mazungumzo, tume hiyo ilikubali hifadhi ya Bahari ya Ross, kilomita za mraba milioni 1.55, kwa muda wa miaka 35. Hifadhi nyingine zilizopendekezwa, za Antaktika Mashariki na Bahari ya Weddell, zimekwama mwaka hadi mwaka, na waliozizuia ni China na Urusi. Hoja yao ni kwamba ushahidi wa kisayansi hautoshi na kwamba mkataba unaruhusu matumizi yenye busara. Kwenye karatasi ni hoja halali. Lakini ushahidi ukitolewa kila mwaka na kila mwaka ukaambiwa hautoshi, anayepima hapimi ushahidi tena.

Tusiwe wepesi wa kuwatupia lawama wawili hao tu. Anayevua krili wengi zaidi kule ni Norwe. Krili ni mdudu wa baharini anayefanana na uduvi, mrefu wa sentimita sita hivi, na karibu kila kiumbe cha kusini kinamtegemea: pengwini, sili, nyangumi. Binadamu anamtaka kwa chakula cha samaki wa kufugwa na kwa vidonge vya mafuta. Kikomo cha tani 620,000 katika eneo kuu la uvuvi kilikuwa kimesambazwa kwa kanuni iliyozuia meli zote zisirundikane karibu na makoloni ya pengwini. Mwaka 2024 kanuni hiyo ilikwisha muda wake, wanachama wakashindwa kukubaliana juu ya nyingine. Msimu uliofuata meli zilikwenda zinakotaka, na Agosti 2025 kikomo kilifikiwa, uvuvi ukafungwa mapema. Makinda ya krili hujilisha mwani unaoota chini ya barafu ya baharini, na barafu hiyo ndiyo iliyoporomoka hadi viwango vya chini visivyowahi kuonekana mwaka 2023. Uvuvi unaongezeka palepale malisho yanapopungua.

Tafadhali msomaji wa pwani usiipite sentensi hiyo. Nyangumi wenye nundu wanaoonekana Watamu, Zanzibar na Msumbiji wakati wa kusi, wakija kuzaa na kunyonyesha, kwa kawaida hawali huku. Wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea kule kusini, na mafuta hayo ni krili. Uwindaji wa karne iliyopita uliwaua zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia, nao wamerudi taratibu baada ya kulindwa. Kijana wa Watamu anayempeleka mgeni kwa boti kutazama nyangumi anakula kutokana na uamuzi unaofanywa Hobart, katika chumba ambacho nchi yake haina mjumbe.

Kaskazini hakuna mkataba mmoja wa namna hiyo. Bahari ya Aktiki inaongozwa na sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1982, na hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Nguzo ya sheria hiyo, ukanda wa kiuchumi wa maili 200 ambamo nchi ya pwani ina haki ya rasilimali, ilipendekezwa na Kenya. Mwanasheria Frank Njenga aliliwasilisha wazo hilo mbele ya mataifa ya Asia na Afrika mwaka 1971, na mwaka 1972 Kenya ikaliweka rasmi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa. Tanzania nayo, kupitia Joseph Warioba, ilikuwa na sauti kubwa katika mazungumzo hayo. Leo Urusi, Norwe, Denmark kwa ajili ya Greenland, Kanada na Marekani zinapima maji yake ya kaskazini kwa kipimo kilichotoka Nairobi. Marekani haijauridhia mkataba wenyewe, ingawa inatumia sehemu kubwa ya kanuni zake.

Nje ya maili hizo 200 nchi zinaweza kudai sakafu ya bahari ambayo ni mwendelezo wa bara lao, kwa ushahidi wa miamba. Agosti 2007 nyambizi ya Kirusi ilisimika bendera ya titani kwenye sakafu ya Ncha ya Kaskazini, zaidi ya mita 4,000 chini, magazeti yakapiga kelele. Kisheria kitendo kile hakikuwa na uzito wowote. Uzito umo kwenye mafaili ya jiolojia, na kwa miaka mingi mataifa hayo yaliyapeleka kwa utaratibu. Kilichovunjika ni mazungumzo. Baraza la Aktiki, lililoundwa mwaka 1996 na nchi nane, ni jukwaa la nadra ambamo mashirika sita ya wenyeji wa asili, wakiwamo Wainuiti na Wasami, hukaa meza moja na serikali. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi saba zilisimamisha vikao nayo, na hadi leo kazi haijarudi ilivyokuwa. Urusi inamiliki karibu nusu ya pwani ya Aktiki. Vipimo vya udongo ulioganda wa Siberia vikikosekana, picha ya dunia nzima inabaki na pengo.

Greenland yenyewe ina watu wasiozidi 57,000. Mwaka 1953 familia za Wainuiti wa kaskazini zilihamishwa kwenye makazi yao kupisha kambi ya kijeshi ya Marekani. Sheria ya kujitawala ya mwaka 2009 inawatambua kuwa taifa lenye haki ya kujiamulia. Mwaka 2021 walipiga kura na bunge lao likauzuia mradi wa kuchimba madini adimu uliochanganyika na urani. Rais wa Marekani alipoanza tena mwaka 2025 kusema lazima nchi yake iipate Greenland, viongozi wa vyama vyote vya bunge la huko walikataa kwa pamoja. Sauti ya watu hao ndiyo ya kwanza kusikilizwa katika jambo hili, si ya Washington, wala ya Copenhagen.

Kwa nini sisi hatumo? Katika Mkataba wa Antaktika, Afrika ina mwanachama mmoja tu, Afrika Kusini, aliyetia saini mwaka 1959. Katika tume ya Hobart yumo Namibia pia. Sababu ya zamani ilikuwa ya heshima: miaka ya 1980, Malaysia chini ya Mahathir Mohamad ilipopeleka suala la Antaktika kwenye Umoja wa Mataifa, nchi za Afrika zilisimama nayo, zikadai serikali ya ubaguzi wa rangi ya Pretoria iondolewe na bara lile liwe urithi wa binadamu wote. Zilikuwa sahihi. Lakini ubaguzi ule ulianguka mwaka 1994, na Malaysia yenyewe ilijiunga mwaka 2011. Mongolia na Kazakhstan, ambazo hazina hata bandari ya bahari kuu, zimo tangu 2015.

Na tusiambiwe kwamba mikataba haina maana. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza tundu la tabaka la ozoni juu ya Antaktika. Miaka miwili baadaye dunia ilikuwa na Itifaki ya Montreal, gesi zilizosababisha tundu zikaanza kuondolewa, na tabaka hilo sasa liko njiani kupona katika karne hii. Sekretarieti inayosimamia kazi hiyo iko Nairobi.

Mkataba wa Antaktika uko wazi kwa nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Anayejiunga anahudhuria vikao na kusikilizwa. Haki ya kura huja baadaye, kwa kuonyesha utafiti wa kweli. Tunazo taasisi za sayansi za bahari Zanzibar na Mombasa, na Afrika Kusini ina kituo na meli ya utafiti ambamo vijana wetu wanaweza kuanzia. Miaka iliyobaki kabla ya 2048 inatosha kumsomesha mtaalamu tangu shahada ya kwanza hadi akaongoze ujumbe. Wabunge wa Nairobi na Dodoma waulizwe jambo hili na wapiga kura wao wa pwani. Hati ya kujiunga hupelekwa kwa serikali ya Marekani, Washington, ambako Kenya na Tanzania zote mbili zina ubalozi.